Inasemekana na Nani? Kuhusu Kushuka kwa Ubora wa Habari Zama za Intaneti

Usiku mmoja mwaka juzi, baba yangu mdogo alilala ndani ya teksi yake kwenye foleni ya mafuta mjini Bujumbura kwa sababu yangu. Msomaji asiyeishi Burundi huenda hajui kwamba kwa miaka ya karibuni mafuta ya gari yamekuwa adimu kwetu, kiasi kwamba dereva anaweza kukaa kituoni siku mbili au tatu akisubiri zamu yake. Jioni ile nilipokea ujumbe katika kundi la WhatsApp. Ulikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, picha ya lori la mafuta, na sentensi iliyoanza hivi: "Inasemekana lori limeingia mjini." Sentensi ya pili ilitaja kituo kitakachoanza kuuza alfajiri. Chini yake kulikuwa na nembo ya tovuti ya habari. Sikujiuliza lolote. Nilimtumia baba mdogo, tena nikajisifu moyoni kwamba leo elimu ya chuo kikuu imefaa nyumbani.

Alitoka Buyenzi saa tatu usiku. Alfajiri hapakuwa na lori, na mchana hapakuwa na lori. Alipoteza siku nzima ya kazi, na yale mafuta kidogo aliyokuwa nayo aliyamaliza kwa kwenda na kurudi. Aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Nani aliliona hilo lori?"

Nilirudi kwenye ile habari nikitafuta jibu. Haikuwa na jina la mwandishi. Haikutaja mtu yeyote aliyehojiwa, awe mfanyakazi wa kituo, dereva au jirani. Picha ya lori, nilipoikuza, ilikuwa na kibao cha barabarani cha nchi nyingine. Jioni yake nilifungua tena kiungo kile ili nimwoneshe rafiki yangu, nikakuta ukurasa haupo. Haukuwa umesahihishwa, wala hakuna aliyeomba radhi. Ulikuwa umeondolewa tu, kana kwamba haukuwahi kuwapo na baba mdogo hakuwahi kulala kwenye foleni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za Kiswahili kwenye simu yangu kwa jicho la mwanafunzi wa isimu, na katika makala haya nataka kutoa hoja moja. Watu wengi wanaolalamika kuhusu kushuka kwa ubora wa uandishi wa habari husema kwamba habari za siku hizi ni fupi mno, ni za udaku mno, au zina makosa mengi ya lugha. Yote hayo ni kweli, lakini siyo kiini cha tatizo. Kwa maoni yangu, ubora ulioporomoka ni uwajibikaji. Habari imepoteza mwenyewe. Ukitaka kuona jinsi ilivyompoteza, huna haja ya kwenda mbali. Tazama kitenzi.

Kitenzi kisicho na mtenda

Tuchukue kitenzi "sema". Katika kauli ya kutendwa tunapata "semwa": "Maneno haya yamesemwa na meya." Hata kama mwandishi hakumtaja meya, msomaji anaweza kuuliza, "Yamesemwa na nani?" Sarufi inamruhusu. Nafasi ya mtenda ipo, hata kama haijajazwa.

Sasa tuchukue "semekana". Jaribu kusema "inasemekana na meya". Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, hata yule ambaye hakuingia darasani, atakwambia kwamba hapo kuna kasoro. Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Tunasema "kikombe kimevunjika", hatusemi "kimevunjika na Juma". Kila mzazi anajua matumizi ya kauli hii, kwa sababu mtoto aliyeangusha kikombe hukimbilia kusema "kimevunjika" na si "nimevunja". Mtoto hajasoma mofolojia, lakini anajua kwamba kauli hiyo itamfichia mkono wake.

Ndiyo maana kichwa cha makala haya kina kosa la sarufi, na nimelikusudia. "Inasemekana na nani?" ni swali ambalo lugha yetu inakataa kuliuliza. Mwandishi anapoandika "inasemekana", swali la baba mdogo limekwisha kufungiwa mlango kabla halijaulizwa.

Sisemi kwamba kitenzi hiki ni kibaya. Kina kazi yake halali katika masimulizi. Tunapoeleza asili ya mji au ya ukoo, tunasema "inasemekana babu yao alitoka ng'ambo ya ziwa", na kila mtu anaelewa kwamba tunasimulia yale ambayo chanzo chake kimepotea kwa miaka. Lakini chanzo cha lori la mafuta la jana jioni hakiwezi kuwa kimepotea kwa miaka. Ama kuna mtu aliyeliona, ama hayupo.

Wala sisemi kwamba kila kauli isiyotaja mtenda ni hila. Neno "inadaiwa", kwa mfano, ni la lazima katika habari za mahakama, kwa sababu mshtakiwa hajapatikana na hatia. Lakini "inadaiwa" ni kauli ya kutendwa, na mwandishi mzuri hujaza nafasi: inadaiwa na polisi, inadaiwa na upande wa mashtaka. Mwandishi mvivu huiacha wazi, na polepole "inadaiwa" yake inakuwa "inasemekana" nyingine.

Lugha zetu zina vifaa vya kusafirisha uvumi kwa uaminifu. Kirundi kina neno dogo "ngo". Mrundi akisema "ngo yagiye", anaarifu kwamba fulani kaondoka, lakini papo hapo anakuonya kwamba yeye hakumwona akiondoka, ameambiwa tu. Kiswahili kina "eti". Bibi yangu angesema, "Eti mafuta yamefika," na hakuna dereva ambaye angewasha gari kwa neno hilo. Msikilizaji angecheka, angeuliza, angesubiri. "Eti" huja na tahadhari yake usoni. "Inasemekana" ni "eti" aliyevaa tai. Ni uvumi uleule, umesimama wima, umechana nywele, umekaa chini ya nembo ya tovuti, na sisi wasomaji tunamheshimu mvaa tai.

Kwa muda wa wiki moja nilibeba daftari na kuandika jinsi habari za Kiswahili nilizozipata kwenye simu zilivyotaja vyanzo vyake. Siwezi kuuita utafiti. Ni zoezi la mwanafunzi mmoja. Hata hivyo niliona mambo mawili. Kwanza, habari zilizosambazwa sana katika makundi niliyomo mara nyingi zilikuwa za "inasemekana", "duru za kuaminika" au "taarifa zinazosambaa mitandaoni". Hilo la mwisho ni la ajabu zaidi, kwa sababu habari inasambaa kwa kutaja kwamba inasambaa. Pili, niliona sentensi moja kuhusu mafuriko nchini kwetu ikirudiwa neno kwa neno katika tovuti kadhaa, ikiwa na kosa lilelile: mkoa wa Makamba, uliokuwa kusini kabisa mwa Burundi, uliwekwa kaskazini. Mtu mmoja alikosea, wengine wakanakili. Hakuna hata mmoja aliyefungua ramani, achilia mbali kumpigia simu mtu wa Makamba.

Tulichokuwa nacho

Ili niseme kwamba kitu kimeshuka, sina budi kuonesha kilikuwa juu wapi. Nchini kwetu kilikuwa redioni.

Jumapili ya Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Nilikuwa na miaka 10. Kutoka Buyenzi tuliuona moshi mweusi, na watu waliokuwa na vibanda sokoni walikimbia wakilia. Wazee waliobaki walifungua redio. Ninachokumbuka ni namna mwandishi wa redio alivyosema: amesimama wapi, anaona nini kutoka hapo, ameongea na nani, na jambo gani bado halijajulikana. Alipoulizwa moto ulianzaje, alisema hajui. Siku hiyo sikujua kwamba nilikuwa nikisikiliza uandishi bora wa habari. Sasa najua kwamba sentensi yake iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya "bado haijajulikana", kwa sababu mjini tayari kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumlaumu.

Uandishi wa aina hiyo haukuota wenyewe. Mwaka 1995, vita vikiwa vimewaka, ilianzishwa Studio Ijambo mjini Bujumbura. Waandishi Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja, wakaenda pamoja hata mahali ambapo mmoja wao peke yake asingeaminiwa au asingerudi salama. Fikiria maana yake kiuandishi. Kila habari ilipita mbele ya macho mawili yasiyoogopa jambo moja. Baadaye zilikuja redio binafsi kama RPA, Isanganiro na Bonesha, na katika uchaguzi wa 2005 na wa 2010 vituo viliungana, vikagawana waandishi nchi nzima na kutangaza pamoja. Uvumi wa kura ulipotokea, palikuwa na mtu mkoani wa kuulizwa.

Sitaki, hata hivyo, kuwapamba wazee. Katika eneo letu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba zamani vyombo vya habari vilikuwa vitakatifu. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilisaidia kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994. Nikisoma kuhusu mtindo wake, napata hofu kwa sababu naufahamu: mazungumzo ya kirafiki, muziki mzuri, utani, kutaja watu kwa majina, na uvumi uliotangazwa kama jambo linalojulikana na wote. Kwa mtindo, RTLM iko karibu na simu yangu ya leo kuliko ilivyo karibu na taarifa ya habari ya saa mbili.

Lakini kuna tofauti moja, nayo inatia nguvu hoja yangu. RTLM ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa na waanzilishi wenye majina, watangazaji wenye majina, na mahali pa kurushia matangazo. Ndiyo maana mwaka 2003, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliweza kuwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ilipunguza adhabu zao baadaye, lakini jambo la msingi lilibaki: mtu alisimama mbele ya jaji akajibu kuhusu maneno yaliyotangazwa. Sasa niambie, ujumbe wa kuchochea ukisambazwa leo kutoka kundi moja hadi jingine, kutoka tovuti isiyo na jina hadi simu ya mjomba wako, ni nani atakayepelekwa Arusha? Sote tumeubofya. Hakuna aliyeusema. Umesemekana.

Moto na waya

Hapa nchini kwetu siwezi kuitupia intaneti lawama zote. Mei 13, 2015, tangazo la kumpindua Rais Pierre Nkurunziza lilipita katika redio binafsi. Jaribio hilo lilishindwa, lakini katika muda huo mfupi vituo vilishambuliwa kutoka pande zote mbili: Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, na kisha RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance. Waandishi wengi walikimbilia nje, hasa Rwanda. Nakumbuka baba akizungusha kitufe cha redio polepole, anarudi nyuma, anazungusha tena, na kinachosikika ni mvumo tu. Baadhi ya vituo vilirudi hewani miaka iliyofuata. Mwaka 2018 BBC na Sauti ya Amerika nazo zilisimamishwa nchini. BBC ilikuja kuruhusiwa tena. Sauti ya Amerika ilinyamazishwa huko kwao Washington kwa agizo la Machi 2025, jambo linaloonesha kwamba si serikali za Afrika peke yake zinazoweza kuzima redio.

Kwa hiyo kwetu intaneti haikumfukuza mwandishi kutoka kitini. Ilikuta kiti kitupu ikakalia. Ningeishia hapo kama tatizo hili lingekuwa la Burundi peke yake. Lakini nasoma pia habari kutoka Kenya na Tanzania, ambako hakuna aliyechoma mitambo ya redio zote kwa siku mbili, na huko nako nakutana na "inasemekana" uleule. Basi pana sababu nyingine, nayo ni fedha.

Habari iliyothibitishwa ni ghali. Mtu lazima apande basi, alipe simu, asubiri ofisini kwa afisa asiyetaka kuonekana, kisha mhariri aisome na kumrudisha nyuma: "Nani mwingine amesema hivi?" Zamani gharama hiyo ililipwa na gazeti lililonunuliwa na matangazo ya biashara yaliyolipiwa ukurasa, au, kwa redio nyingi za kwetu, na wafadhili. Leo sehemu kubwa ya fedha za matangazo inakwenda kwa kampuni kubwa kama Google na Facebook, na tovuti ndogo inaishi kwa makombo yanayohesabiwa kwa idadi ya watu waliofungua ukurasa. Hesabu hiyo haiulizi kama lori lipo. Habari iliyochukua siku nzima na habari iliyonakiliwa kwa dakika tano zinalipwa sawa, na mara nyingi ile ya dakika tano inalipwa zaidi kwa sababu imetangulia. Uongo hauleti hasara pia. Asubuhi unachapisha "Inasemekana msanii fulani amefariki", jioni unachapisha "Ukweli kuhusu kifo cha msanii fulani". Habari mbili, wasomaji mara mbili, na kazi iliyofanyika ni sifuri.

Wa kwanza kupotea katika mfumo huu ni mwandishi wa mkoani, na wa pili ni mhariri. Hawa wawili ndio waliokuwa wakiuliza swali la baba mdogo kabla baba mdogo hajalazimika kuliuliza mwenyewe. Mmoja aliuliza kwa miguu, mwingine kwa kalamu nyekundu. Najua kwamba hao nao hawakuwa malaika. Desturi ya bahasha, yaani mwenye mkutano kumlipa mwandishi "nauli" ili habari itoke vizuri, ni ya zamani kuliko simu zetu. Lakini aliyepokea bahasha alijulikana kazini kwake, na palikuwa na mlango wa kugonga ukitaka kulalamika.

Historia ya magazeti ya Kiswahili inatukumbusha kwamba mlango huo ni wa zamani sana. Kiongozi, gazeti lililochapwa Tanga kuanzia mwaka 1904 chini ya Wajerumani, lilikuwa chombo cha mkoloni, na hakuna sababu ya kulililia. Hata hivyo habari zake kutoka miji mbalimbali ziliandikwa na watu waliotia majina yao na mahali walipo. Msomaji wa wakati ule alimjua aliyesema. Sisi wenye simu mkononi hatumjui.

Pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito

Rafiki yangu mmoja tunayesoma naye alipoisikia hoja hii alinipinga, na pingamizi lake lilinikosesha usingizi. Alisema: "Wewe unasifu majina. Lakini baada ya 2015, walioendelea kutuletea habari za kweli walikuwa watu wasio na majina, tena kwenye intaneti."

Ana haki. Mei 2015 hiyohiyo, waandishi waliopoteza vituo vyao walianzisha SOS Médias Burundi, wakawa wanatoa habari kupitia Facebook, Twitter na sauti zilizorekodiwa. Walificha majina yao kwa sababu jina lingeweza kuwagharimu maisha. Hofu hiyo haikuwa ya kuwaziwa. Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu, alitoweka Julai 2016 na mpaka leo hajaonekana. Mwanafunzi anayekaa salama maktabani hawezi kumwambia mtu wa namna hiyo, "Tia sahihi yako."

Nilifikiri sana, na pingamizi hili limenifanya niinyooshe hoja yangu badala ya kuitupa. Kuficha jina si sawa na kukosa mwenyewe. Habari za waandishi wale zilitaja mtaa, zilitaja siku, zilieleza ni shahidi wa aina gani aliyesema na kama mwingine alithibitisha. Ziliposhindwa kumpata msemaji wa serikali, zilisema zimemtafuta. Jina la mtu lilifichwa, lakini nyumba ilikuwa na mlango: kulikuwa na chombo kimoja kilekile, leo na kesho, kilichokuwa tayari kusema "tulikosea". Tovuti ya lori la mafuta ilikuwa na nembo nzuri zaidi, na haikuwa na mlango wowote.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza siyo jina peke yake. Ni marekebisho. Ukitaka kujua kama chombo cha habari ni bora, usiangalie kwanza ufasaha wa lugha yake wala uzuri wa picha zake. Tafuta mahali kilipokiri kosa. Magazeti ya karatasi yalikuwa na kijisanduku kidogo cha kuomba radhi. Sote tulikipuuza, nadhani kwa sababu kilikuwa kinachosha. Ukurasa wa simu ungeweza kufanya hivyo kwa urahisi zaidi, maana kusahihisha mtandaoni hakuhitaji wino wala karatasi. Badala yake unafutwa. Anayefuta hajasahihisha. Amevunja kikombe akasema kimevunjika.

Sisi na daftari zetu

Nimeandika haya kwa wanafunzi wenzangu na walimu wetu, si kwa wamiliki wa mitandao, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi yetu ndio tutakaoandika habari hizo. Mwanafunzi wa Kiswahili katika nchi kama yetu akihitimu ana milango michache: ualimu, ukalimani, na siku hizi kujaza tovuti maneno kwa malipo kidogo. Mwenzetu mmoja tayari anafanya kazi hiyo akiwa bwenini. Alinieleza kwamba anatakiwa kutoa habari nyingi kwa siku na hajawahi kutumwa popote. Simlaumu. Analipa ada. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nyuma ya "inasemekana" mara nyingi hakuna mjanja, kuna kijana aliyechoka ambaye hakupewa nauli.

Sababu ya pili ni kwamba kifaa cha kulitambua tatizo hili tunacho tayari, na tunakitumia vibaya. Darasani tunafundishwa kauli za kitenzi kama orodha ya viambishi vya kukariri kwa ajili ya mtihani. Nimezikariri tangu sekondari, na bado nilimtuma baba mdogo kulala kwenye foleni. Ningependa walimu wetu watupe zoezi jingine: leteni habari moja kutoka kwenye simu zenu, mzigeuze sentensi zake zote ziwe katika kauli ya kutenda, na kila penye nafasi ya mtenda mwandike jina. Pale mtakaposhindwa kuijaza nafasi, pigeni mstari. Nimelijaribu peke yangu. Kuna habari ndefu zilizobaki na mistari mitupu, na kuna habari fupi za redio zilizosimama imara neno kwa neno.

Zoezi hilo halitairudisha fedha iliyokwenda Google, wala halitawajenga upya waandishi wa mikoani. Hayo yanahitaji watu wenye uwezo kuliko sisi, na wasomaji walio tayari kulipia kazi ya mtu aliyepanda basi kwenda Makamba. Lakini litatufanya tuwe wasomaji wagumu kidogo kudanganywa, na wagumu zaidi kudanganya wengine. Maana ujumbe ule wa lori haukumfikia baba mdogo kutoka kwenye tovuti. Ulimfikia kutoka kwangu. Kwake mimi ndiye niliyekuwa chombo cha habari, nami sikuthibitisha, sikuuliza, na sikumwomba radhi mpaka alipofika nyumbani.

Siku hizi mafuta yakisemwa yamefika, baba mdogo hunipigia simu kwanza. Ananisomea ujumbe wote, kisha ananyamaza akingoja. Na mimi, kabla sijamjibu, natafuta mtu aliyepita pale kituoni kwa miguu yake. Nikimkosa, namwambia: "Eti yamefika, baba mdogo. Ni eti tu." Basi anazima taa, analala kitandani kwake.